Mwaka wa mwisho, selimundu imeamka na pepa zimebaki siku 19: niahirishe au nikomae?

Binti_Kimara

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa heshima na mnaokuja kutukana naomba mpite kimya kimya maana mwenzenu hata nguvu ya kujibizana sina.

Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Dar, kozi yetu ni miaka mitatu kwa hiyo semesta hii ndo ya kutokea. Risechi nimefika sura ya nne, supavaiza hana shida, GPA mpaka sasa 3.6. Shida ni mwili. Nina selimundu (sickle cell) tangu utotoni lakini kuanzia form six mpaka mwaka wa pili ilikuwa imetulia, naweza kumaliza miezi sita sijasikia kitu mpaka nikawa najisahau. Semesta hii imeamka. Mwezi wa nne zile mvua nilinyeshewa kituoni Ubungo nasubiri gari, usiku uleule miguu na kiuno vikaanza, nikalazwa siku tano. Wiki iliyopita tena siku nne. Katikati hapo nimekosa test mbili na prezentesheni ya grupu, wenzangu wakasema nimewategea.

Siishi hosteli, nimepanga gheto Kimara na mdogo wangu wa kiume yuko form two, maana mama ilibidi arudi Songea kumuuguza bibi na hakukuwa na mtu wa kumwachia. Ratiba yangu naamka saa kumi na nusu alfajiri, naweka chai, napiga pasi sare, akishatoka nafua au nafungua desa (notisi) kidogo, saa moja niko barabarani. Jioni sokoni, jikoni, alafu ndo nakaa na laptopu. Kinachotuvusha ni bumu langu (hela ya mkopo wa chuo) na kile mama anachotuma akipata.

Chuoni hakuna anayejua. Wenzangu wanajua nina "malaria sugu". Hata ile fomu ya afya ya kuripotia mwaka wa kwanza, pale penye magonjwa ya kudumu niliandika HAPANA na daktari wa zahanati ya kwetu akagonga muhuri bila hata kuniangalia usoni.

Sasa CR (kiongozi wa darasa) ananiambia mahudhurio yangu kozi mbili yako chini ya 75% naweza kuzuiwa UE (mtihani wa mwisho wa semesta). Mama kwenye simu anasema malizia tu mwanangu umebakiza hatua moja. Rafiki yangu anasema ahirisha mwaka upumzike upone. Nikiahirisha bumu linasimama, na dogo tutakula nini? Nikikomaa naogopa kuangukia ndani ya chumba cha mtihani, ule ukumbi wanaotupanga AC yake ukitoka humo vidole havikunji kalamu. Kuna aliyepitia hii kitu?

Mzee_wa_Kimbweta

Pole dada ila komaa. Mimi 2016 niliingia pepa ya takwimu na kanula (sindano ya dripu) mkononi, malaria ilinipiga usiku wa kuamkia pepa, nikafanya hivyo hivyo natetemeka. Nikatoka na sapu mbili (mitihani ya kurudia) lakini nikahitimu na wenzangu. Siku 19 ni nyingi sana hizo, mchana lala usiku piga msuli wa kusoma. Ukiahirisha utakuja kukaa darasa moja na watoto ulioacha mwaka wa pili wanakuita dada mkubwa.

Sista_Zamu

Mzee wa kimbweta malaria ni dozi ya siku tatu inaisha, mwenzio hapo anaongelea kitu alichozaliwa nacho na atakuwa nacho. Na huo msuli wa usiku unaomshauri ndo tiketi ya kurudi wodini.

Mdogo wangu pole. Mi ni nesi, wodi yangu hawa vijana nawaona kila wiki na msimu wa mitihani wanaongezeka, siyo uchawi. Kwa msiojua, chembe nyekundu za damu zinapinda zinakuwa kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo na sehemu ambayo damu haifiki inauma maumivu ambayo mtu hawezi kukuelezea. Vitu vinavyoamsha vinajulikana: baridi, kukosa maji mwilini, uchovu, homa, msongo wa mawazo. Sasa soma tena ratiba yako uliyoandika hapo juu ukiwa na hiyo orodha mkononi. Unalala saa ngapi wewe? Maji unakunywa saa ngapi? Wengi mnaogopa kunywa maji kwa sababu choo cha chuo ni mbali au foleni, mnashinda na soda moja mpaka jioni.

Mambo machache ya haraka. Kliniki unahudhuria au unakwenda hospitali ukiumwa tu? Maana nyie mliotulia miaka miwili ndo mnaacha kliniki. Rudi, Muhimbili ina kliniki ya selimundu siku nyingi na siyo peke yake hapa mjini, kaulize kuhusu haidroksiyurea, inapunguza mashambulizi kwa wengi lakini inaanzishwa na daktari na damu inapimwa mara kwa mara, usichukue za mtu. Foliki asidi yako ya kila siku usiruke. Na naomba sana ziache zile diklofenaki za duka la dawa mnazomeza kama karanga wiki za pepa, figo zenu hazihimili hivyo. Ukipata homa, kifua kikibana au pumzi ikawa fupi, usisubiri kukuche, nenda.

Swali langu la mwisho ndo kubwa: umelazwa mara mbili, makaratasi yako wapi? Ile ya kuruhusiwa kutoka wodini, ED (karatasi za kupumzishwa) ulizopewa? Usiniambie ziko kwenye begi.

Binti_Kimara

Ziko kwenye begi dada 🙈

Masijala_Mstaafu

Nimecheka lakini kwa uchungu. Nimekaa ofisi ya taaluma chuoni miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa niliyoyaona wanafunzi wanaoumwa hawadondoshwi na ugonjwa, wanadondoshwa na karatasi kukaa kwenye begi. Kuna kijana mmoja alikuja mezani kwangu wiki ya tatu baada ya mitihani, akatoa barua ya hospitali imekunjwa mara nne, imelowa jasho mpaka wino wa muhuri umehamia upande wa pili, tarehe zote sahihi kabisa, alikuwa wodini siku ya pepa. Nikamuuliza mwanangu hii barua ilikuwa wapi? Akasema nilikuwa nasubiri nipone vizuri ndo nilete. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya waliotoroka mtihani, na kutoroka mtihani vyuo vingi ni disko (kufukuzwa chuo) moja kwa moja. Alihangaika na rufaa mpaka akakata tamaa.

Sasa binti yangu nisikilize. Unaongea kama njia ni mbili, uahirishe mwaka au ukomae. Ipo ya katikati na wanafunzi wengi hawaijui mpaka wanamaliza. Kuahirisha mwaka ni kitu kimoja, kuahirisha mitihani ni kingine, na mitihani unaweza kuomba kuahirisha baadhi tu siyo yote. Unaandika barua kabla ya pepa, unaambatanisha uthibitisho wa hospitali, ikikubaliwa zile pepa unakuja kufanya kipindi cha sapu, kwa ratiba za vyuo vyetu inaangukia kama mwezi wa tisa hivi. Inaitwa speshali. Na hapa ndo muwe mnasikiliza vizuri: speshali inahesabika ni mara yako ya kwanza, ukipata A inaandikwa A. Sapu hata upate 85 kwa vyuo vingi inaandikwa C, basi. Wewe una 3.6 na uppa sekondi (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5, ukiongeza C mbili mwaka wa mwisho unaweza kushuka daraja kwa ajili ya kujikaza tu. Mzee wa Kimbweta angekuja ofisini kwangu na ile kanula mkononi kabla hajaingia ukumbini leo asingekuwa na hizo sapu.

Kabla, siyo baada. Ukishaingia ukakaa ukajaza namba yako ya mtihani alafu ukaja kusema ulikuwa unaumwa, karibu kila mahali watakwambia ulijiona uko sawa ndo maana uliingia.

Mahudhurio: CR siyo mahakama. Siku ulizokuwa wodini zina karatasi, mpelekee mwalimu wa kozi na mkuu wa idara kwa barua, na humohumo omba kurudia zile test mbili. Anzia zahanati ya chuo, maana idara nyingi zinataka daktari wa chuo aone karatasi za nje na azithibitishe. Kila barua peleka nakala mbili, moja wakubakishie imegongwa muhuri IMEPOKELEWA na tarehe. Katibu muhtasi akikwambia "iache tu hapo nitaipeleka" tabasamu, usiondoke mpaka umegongewa.

Alafu nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi. Watu wanadhani ile ofisi ni ya wanaopigana hosteli. Mwenye ugonjwa wa kudumu anaweza kuombewa chumba kingine cha mtihani, kukaa mbali na AC, kuingia na maji, kutoka kwenda chooni bila kelele, hata muda wa ziada. Lakini lazima wajue wewe ni nani na una nini.

Binti_Kimara

Mzee wangu nashukuru nimesoma mara tatu. Hapo mwisho ndo pananikwamisha, nilidanganya kwenye fomu. Nikienda leo kusema nina selimundu tangu utoto si wataniuliza kwa nini uliandika HAPANA? Siyo kosa la kufukuzwa? Na sitaki kuwa yule dada anayeonewa huruma darasani, sekondari nilikuwa hivyo, hata kufagia nilikuwa sipewi, siku ya maumivu watu wanasimama mlangoni bwenini wanakuangalia kama sinema.

Masijala_Mstaafu

Kwa hilo sijawahi kuona mtu akifukuzwa. Tumepokea wengi tu wa hivyo, kifafa, pumu, kisukari, wote waliandika HAPANA kwa hofu kwamba watanyimwa nafasi. Sema ukweli jinsi ulivyotuandikia hapa na uweke karatasi za kliniki za zamani kama unazo. Na ofisi haitangazi darasani, hiyo inabaki kwenye faili.

Nilirudi_Makambako

Naongezea upande wa kuahirisha mwaka maana mimi niliahirisha. Siyo kwa kuumwa mimi, mzee alipata kiharusi na duka halikuwa na mtu, mama alikuwa anamgeuza kitandani hawezi kuuza. Nikaandika barua nikakubaliwa vizuri tu.

Bumu linasimama kweli, usidanganywe, maana kile cha chakula na malazi kinalipwa kwa mtu aliye masomoni. Kurudi linarudi lakini lazima barua ya kuahirisha na barua ya kurejea zote zimfikie afisa mikopo wa chuo mapema, mi ya kurejea nilikaa nayo nikidhani chuo kitapeleka chenyewe, awamu ya kwanza ikatoka watu wanapiga kidole kusaini bumu mi jina halipo, nikala kwa mama ntilie kwa daftari mwezi mzima. Kosa langu mwenyewe.

Lakini ambacho sikutegemea ni mtaani. Wiki ya kwanza watu wanakupa pole ya mzee. Mwezi wa pili wanaanza "chuo mmefunga?" Mwezi wa tano mteja anapewa chenji yake anakuangalia anasema kwani wewe ulifukuzwa? Alafu unazoea duka. Hiyo ndo hatari yake, unaona hela ya kila siku mkononi, daftari la chuo linakuwa kitu cha zamani. Nilirudi kwa sababu mzee mwenyewe alipoanza kuongea kidogo neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa jina la chuo, kwa mkato, nusu limepinda.

Kwa hiyo dada mi sipingi kuahirisha mwaka, kwangu ilikuwa lazima. Ila mimi nilikuwa na jambo lenye mwanzo na mwisho. Rafiki yako anaposema ahirisha "upone", utapona nini? Ukikaa nyumbani mwaka ukarudi utakuja na selimundu yako ileile, na Kimara ileile, na dogo akiwa form three.

Sista_Zamu

Hapo kwenye "upone" umemaliza kila kitu.

Mama_Pacha

Mi nina la kuuliza dogo ana miaka mingapi? Form two ni 14, 15? Na wewe unaamka saa kumi na nusu kumpigia PASI?? Jamani. Mi nilisoma mwaka wa pili nina mapacha wa miezi minne, nilikuwa nakamua maziwa chooni saa nne na saa nane, natoka macho mekundu naingia semina. Aliyeniokoa ni mdogo wa mume wangu wa darasa la saba, alikuwa anajua kubembeleza kuliko hata mimi. Huyo kaka yako mkalishe chini leo, mwambie dada anaumwa nini kwa jina, siyo "dada hajisikii vizuri". Najua mnajaribu kumlinda lakini mtoto anayekuona unalazwa mara mbili bila kuambiwa anadhani unakufa. Alafu mfundishe kupika maharage. Yakiungua mtakula yaliyoungua.

Na grupu lenu la prezentesheni, sikulazimishi kuwaambia wote, mwambie mmoja tu mwenye kifua. Siku umezidiwa awepo mtu wa kukuchukulia karatasi ya mahudhurio na kumpigia mwalimu.

Mzee_wa_Kimbweta

Duh. Kumbe speshali A ni A? Miaka yote hii nilijua speshali na sapu ni kitu kimoja. C zangu mbili bado zinaniangalia kwenye transkripti kila nikiomba kazi. Dada futa ushauri wangu, fuata wa mzee masijala. Msuli wa usiku nao futa.

Dogo_Semesta

Mi niko mwaka wa kwanza nina pumu nimejifunza, kesho naenda zahanati ya chuo. Swali dogo, bima ya chuo inalaza hospitali za nje?

Sista_Zamu

Inategemea hospitali inapokea kadi yako au la, waulize dirishani kabla hujaandikishwa siyo baada. Na inhela tembea nayo mfukoni, siyo chumbani.

Binti_Kimara

Wakuu nimerudi, siku kama kumi na nane hivi zimepita na naona uzi ulikuwa unaendelea bila mimi.

Nilienda. Siku ya kwanza nilifika mlangoni kwa Mshauri wa Wanafunzi nikageuka, nikaenda kukaa kimbwetani nusu saa nakunywa maji, nikarudi. Mama mmoja pale akanisikiliza mpaka mwisho hakunikatisha, fomu ya mwaka wa kwanza hakuiulizia kabisa, mimi ndo niliitaja mwenyewe, akasema tutaandika upya. Idarani katibu muhtasi aliniambia kweli "iache tu hapo" 😂 nikatabasamu nikasimama mpaka ikagongwa.

Kilichoamuliwa ni hivi: pepa tano nafanya sasa, zile kozi mbili za test nilizokosa nimekubaliwa speshali, test zenyewe mwalimu mmoja amenipa ya kurudia, mwingine bado nampigia hodi. Mahafali nitawahi kama speshali zikienda vizuri. Chumba changu cha mtihani ni cha chini, kidogo, tuko watu sita tu humo, kuna feni moja na imeharibika alhamdulillah. Kliniki nimeanza tena, nimepimwa, narudishwa kuhusu ile dawa baada ya majibu ya damu. Usiku nazima taa saa nne, nimeshangaa kwamba ninachosoma saa tisa mchana kinabaki na cha saa nane usiku kilikuwa hakibaki.

Mama nilimwambia sitafanya pepa zote, akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, alafu akauliza bumu linaendelea? Nikamwambia linaendelea kwa sababu sijaahirisha mwaka. Akasema haya.

Dogo nilimwambia. Alikuwa anajua. Kumbe ile siku ya kwanza nimelazwa alisoma kwenye kadi yangu ya kliniki akaenda kutafuta kwenye simu ya jirani. Alikaa na hiyo kitu tangu mwezi wa nne peke yake. Maharage yameungua mara mbili, ya tatu yamekuwa mazuri, pasi anapiga ya kwake na kitenge changu juu.

Pepa ya kwanza ni kesho saa mbili asubuhi. Saa hizi amenijazia chupa mbili za maji ameziweka mlangoni, moja kaiandika kwa maka pen NJIANI, nyingine PEPA.